Kura Ikileta Ugomvi Kamatini: Mwongozo kwa Wanaoandaa Viwango

"Wengi wape" ni kanuni nzuri ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Kwenye kamati ya viwango haitoshi, na ukiitegemea peke yake utazua matatizo ambayo kura nyingine haitayaponya. Kiwango hakina askari wa kukisimamia. Isipokuwa pale serikali inapokifanya cha lazima, watu hukifuata kwa sababu wenye viwanda, maabara, wakaguzi na wanunuzi wamekubali kwamba kinafaa. Ukiwashinda kwa kura wajumbe watano kati ya ishirini, na hao watano ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya bidhaa inayojadiliwa, umepata karatasi yenye muhuri, lakini kiwango hujakipata.

Chukua mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha nafaka ya mahindi, EAS 2, kinataka sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Ni tarakimu mbili tu kwenye jedwali. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, tarakimu hizo zikawa malori yaliyokwama Namanga na wakulima wasiojua watauza wapi. Mjumbe anayeipinga tarakimu ya namna hiyo kikaoni, awe anaiona kali mno au legevu mno, anastahili kusikilizwa kwa makini hata kama yuko peke yake.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye mwenyekiti, katibu au mjumbe wa kamati ya kitaalamu ya TBS, KEBS, UNBS au shirika jingine la viwango, na wewe unayeshiriki vikundi kazi vya kimataifa vya ISO, IEEE au IETF. Kanuni za kila chombo zina tofauti zake. Ugomvi wenyewe unafanana kila mahali.

Kwanza jueni mnagombania nini

Mjumbe anaposema "kura ile si halali," usikimbilie kuhesabu upya. Muulize swali moja: kama kura ingepigwa kwa utaratibu usio na doa na matokeo yakawa yale yale, je, angeridhika? Akijibu ndiyo, ugomvi wenu ni wa utaratibu na dawa yake iko kwenye kanuni. Akijibu hapana, basi kura anaitaja tu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kinachomuuma ni hoja ya kitaalamu ambayo aliitoa, ikapita juu ya vichwa vya watu, kisha mikono ikainuliwa. Kwa ninavyoona, wengi wa wanaolalamikia kura ni wa aina hii ya pili.

Mtu wa aina hii mwombe aandike. Jedwali la maoni ambalo kamati za ISO hutumia limepangwa vizuri kwa kazi hii: ibara gani, aina ya maoni (ya jumla, ya kitaalamu au ya uhariri), maoni yenyewe, badiliko linalopendekezwa, na nafasi ya sekretarieti kuandika kilichoamuliwa. Safu ya badiliko linalopendekezwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Anayepinga analazimika kusema anataka maneno gani yakae badala ya yaliyopo, na kamati inapata kitu cha kukubali, kukataa au kurekebisha. Pingamizi lisilo na pendekezo unaweza kulijadili tangu asubuhi hadi magharibi bila kusogea hatua moja.

Safu ya mwisho nayo ijazwe kwa uaminifu. "Imekataliwa" si jibu. Andika kwa nini: vipimo vya maabara vinaonyesha hivi, badiliko hili lingegongana na ibara ile, gharama yake ingewaangukia hawa. Mtu aliyejibiwa kwa sababu, hata akibaki na msimamo wake, mara nyingi huacha kuishambulia kura.

Mwafaka una maana gani hasa

Kanuni za ISO na IEC zinaeleza mwafaka kuwa ni makubaliano ya jumla ambamo hakuna sehemu muhimu ya wadau inayoendelea kupinga jambo la msingi, na ambayo yamefikiwa kwa kujitahidi kuzingatia maoni ya pande zote. Si lazima kila mtu akubali. Vilevile, kamati ina wajibu wa kulishughulikia pingamizi linaloendelea, lakini haina wajibu wa kumridhisha kila anayepinga. Wenyeviti wengi huangukia upande mmoja wa mstari huo: ama wanamnyamazisha mpinzani kwa kura, ama wanamwachia mtu mmoja aishike rasimu mateka kwa miaka.

Waliolifikiria jambo hili kwa kina zaidi ni wahandisi wa intaneti. Mwaka 1992, kwenye mkutano wa IETF uliofanyika Cambridge, Massachusetts, David Clark alitamka msimamo ambao chombo hicho kimeushika hadi leo: hawataki wafalme, marais wala kura, wanaamini mwafaka wa jumla na programu inayofanya kazi. IETF haina orodha ya wanachama, na yeyote anaweza kuingia. Kwa hiyo kuhesabu vichwa kungekuwa mchezo wa kujaza ukumbi. Badala yake mwenyekiti huwaomba waliohudhuria wavumishe sauti midomo ikiwa imefumbwa, kwanza wanaounga mkono kisha wanaopinga, naye husikiliza upande upi una uvumi mzito.

Wengi wanaosimuliwa habari hii hudhani uvumi ni kura ya ajabu ajabu. Sivyo. Hati ya mwaka 2014 iitwayo RFC 7282, iliyoandikwa na Pete Resnick, inaeleza kwamba uvumi hutumika kuanzisha mazungumzo. Ukisikia sauti chache zinapinga, kazi yako ndiyo kwanza inaanza: unauliza sababu. Hati hiyo inakwenda mbali hadi kusema kwamba watu mia wakiwa upande mmoja na watano upande wa pili, huenda bado hakuna mwafaka, ikiwa hoja ya wale watano haijajibiwa. Na kinyume chake, watano wanaweza kubeba mwafaka dhidi ya mia, ikiwa wale mia hawana hoja yoyote zaidi ya kuhudhuria kwa wingi. Msimamo huo si chuki dhidi ya wengi. Wahandisi wanajua kwamba daraja haliangalii kura, na hitilafu aliyoiona mtu mmoja itatokea hata kama ukumbi mzima ulimpinga.

Kutoka hapo chukua swali moja na ulitumie kikao kijacho. Usiulize "nani anapendelea pendekezo A?" Uliza: "Kuna yeyote asiyeweza kabisa kuishi na pendekezo A, na kwa nini?" Swali la kwanza huwagawa watu kwenye kambi, na aliyekwisha kuinua mkono huona aibu kuushusha. La pili huwatoa nje wale wenye kikwazo cha kweli, nao kwa kawaida ni wachache kuliko ulivyodhani.

Wakitoka, tafuta kikwazo kimekaa wapi. Kikundi kazi cha IETF kilichoshughulikia mawasiliano ya sauti na video ndani ya vivinjari kiligawanyika kwa muda mrefu juu ya kodeki ipi ya video, yaani programu ya kubana na kufungua picha, iwe ya lazima: H.264 au VP8. Novemba 2013 walijaribu kuamua, wakashindwa. Juu juu ulikuwa mjadala wa ubora wa picha. Chini yake kulikuwa na hataza: H.264 ilidai ada za leseni ambazo miradi ya programu huria haikuweza kuzilipa, na upande wa pili ulikuwa tayari umewekeza kwenye vifaa vyenye H.264 ndani yake. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Cisco ilikuwa imetangaza kwamba itatoa toleo huria la H.264 na kulipia ada yenyewe. Kikwazo kikaanza kulegea, ingawa si papo hapo. Novemba 2014 wakakubaliana kwamba vivinjari vibebe kodeki zote mbili, na mwaka 2016 jambo hilo likachapishwa katika RFC 7742. Hakuna hesabu ya kura ambayo ingeufikia uamuzi huo, kwa sababu "zote mbili" halikuwa jibu ambalo kambi yoyote ilikuwa ikilipigia debe.

Pale kura inapofaa

Sisemi kura zitupwe. Kuna maswali ambayo hayana jibu sahihi la kitaalamu: jina la kiwango, mpangilio wa viambatisho, mji wa kikao kijacho, au kuchagua kati ya namna mbili za kuandika ambazo zote zinafanya kazi. Hapo pigeni kura msonge mbele. IETF hata imewahi kupendekeza, katika RFC 3929 ya mwaka 2004, kwamba pale chaguo lolote linafaa lakini lazima moja lichaguliwe, kura ya bahati nasibu inaruhusiwa pande zote zikiridhia kutumia njia hiyo. Na kuna vyombo ambavyo kanuni zao zinaitaka kura katika hatua fulani, upende usipende. Katika hali hiyo kazi yako ni kuhakikisha kura haiachi mwanya wa kugombaniwa.

Mambo manne yaandikwe na kusomwa kabla mkono haujainuka: nani ana haki ya kupiga kura, swali linaulizwa kwa maneno gani hasa, kiwango cha ushindi ni kipi, na asilimia inapigwa juu ya jumla ipi.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Tuseme kamati ina wajumbe 24 kikaoni. Kumi na wanne wanakubali, sita wanakataa, wanne wanajizuia. Kanuni inadai theluthi mbili. Mkiwatoa waliojizuia, kura 14 kati ya 20 ni asilimia 70, na rasimu imepita. Mkiwahesabu, 14 kati ya 24 ni asilimia 58, na rasimu imeanguka. Mkianza kujadili hesabu ipi itumike baada ya kuyaona matokeo, kila mtu atajua tayari ni hesabu ipi inayomfaa, na hakuna atakayemwamini mwenzake.

Kanuni za ISO zimelifunga tundu hilo. Rasimu ya kiwango cha kimataifa hupita ikiwa theluthi mbili ya kura za wanachama washiriki wa kamati zimeikubali, na wakati huohuo kura za kukataa hazizidi robo ya kura zote. Waliojizuia hawahesabiwi. Wala haihesabiwi kura ya kukataa isiyo na sababu za kitaalamu. Kanuni hii ya mwisho ningependa kila kamati ya kitaifa iige: anayesema hapana aseme kwa nini, la sivyo karatasi yake haina uzito.

Haki ya kupiga kura nayo ifungwe mapema. Agosti 2007 shirika la viwango la Sweden, SIS, lilikuwa likiamua msimamo wa nchi juu ya Office Open XML, umbizo la nyaraka ambalo Microsoft ilitaka liwe kiwango cha kimataifa. Dakika za mwisho kampuni nyingi mpya zilijiunga na kikundi kazi na kupiga kura ya ndiyo. Kelele zikawa kubwa. Lakini SIS ilipoifuta kura ile, sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mshiriki mmoja alipiga kura zaidi ya moja. Wageni wa dakika za mwisho kanuni haikuwakataza, kwa hiyo haikuwezekana kuwaadhibu kwa kosa ambalo halikuwa limeandikwa. Muda wa kurudia ukawa hautoshi, na Sweden ikajizuia. Ukiwa na kamati inayolipisha ada ndogo na kufungua mlango kwa wote, weka tarehe: aliyejiunga baada ya rasimu kusambazwa ataichangia kwa hoja, lakini ataanza kupiga kura kwenye rasimu inayofuata.

Kamati za IEEE 802 hufuata njia nyingine: haki ya kura hupatikana kwa kuhudhuria vikao. Hilo nalo lina udhaifu wake, kwani kampuni yenye fedha inaweza kuwalipia wahandisi wengi nauli na hoteli. Juni 2006 kikundi cha 802.20, kilichoshughulikia intaneti ya simu za mkononi, kilisimamishwa na bodi ya viwango ya IEEE kutokana na malalamiko ya ukosefu wa uwazi na hofu kwamba upande mmoja umekitawala. Kilirudi kazini chini ya viongozi wapya, na baadaye utaratibu wake ukabadilishwa ili kura ziwe za taasisi na si za mtu mmoja mmoja. Kiwango chao kilipitishwa mwaka 2008. Ikiwa kamati yako ina wajumbe sita wanaolipwa mshahara na mwajiri mmoja, fikiria utaratibu huo leo, kabla hamjafika huko.

Kura ikiwa tayari imegombaniwa

Tangaza kwamba matokeo yanasubiri, na usiruhusu mtu ayatumie. Katibu ahifadhi karatasi, orodha ya mahudhurio, barua pepe na maneno ya swali kama yalivyosomwa. Mlalamikaji aandike kanuni ipi anaona imevunjwa na wapi. Kama mwenyekiti analipwa na upande unaonufaika na matokeo, aketi kando na mwingine asikilize. Hata kama ana moyo safi kabisa, uamuzi wake utabeba kivuli.

Kisha tenganisha kasoro iliyogusa matokeo na ile isiyoyagusa. Mtu mmoja asiye na haki akipiga kura na ushindi ni wa kura tatu, sahihisha kumbukumbu, eleza, endelea. Ushindi ukiwa wa kura moja, rudieni. Lakini swali lenyewe likiwa lilieleweka kwa namna mbili, rudieni hata kama ushindi ulikuwa mkubwa, kwa sababu hamjui watu walijibu nini. Kukosekana kwa akidi nako hakurekebishiki kwa kuwapigia simu wasiokuwepo.

Mnaporudia, msirudie siku ileile. Toeni muda wa kusoma. Rasimu ya Office Open XML ilikuwa na kurasa zipatazo elfu sita, ikipitishwa kwenye njia ya haraka. Kura ya Septemba 2007 ilianguka: wanachama washiriki 17 kati ya 32 waliikubali, pungufu ya theluthi mbili, na kura 18 kati ya 69 ziliikataa, zaidi ya robo. Februari 2008 wajumbe wakakutana Geneva kwa siku tano kushughulikia majibu 1,027 yaliyopendekezwa kwa maoni ya nchi. Gawanya mwenyewe uone kila jibu lingepata dakika ngapi. Mengi yalipigiwa kura kwa mkupuo bila kujadiliwa. Mwezi uliofuata rasimu ikapita, kwa 24 kati ya 32 na kura 10 tu za kukataa kati ya 71. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa, zikilalamikia pamoja na mengine namna kikao kile kilivyoendeshwa. Rufaa zilikataliwa Agosti na kiwango kikachapishwa Novemba 2008, lakini imani ya watu wengi kwa utaratibu mzima ilikwisha kupata jeraha. Kama rasimu yako ina maoni mengi kuliko muda, ahirisha. Tarehe ya mwisho iliyowekwa na wafadhili au wizara inaombewa kusogezwa, na barua ya kuiombea huandikwa kwa nusu saa.

Mkikwama kabisa

Kuna kamati zinazofika mahali ambapo kila upande una kura za kutosha kumzuia mwenzake na hauna za kutosha kushinda. IEEE 802.15.3a ilikuwa ikitafuta kiwango cha redio ya kasi kubwa kwa masafa mafupi. Mapendekezo zaidi ya ishirini yalichujwa yakabaki mawili, kila moja likiwa na kundi la kampuni nyuma yake. Lililoongoza lilihitaji asilimia 75 ili kuthibitishwa, nalo halikuzipata, mkutano baada ya mkutano. Januari 2006 wajumbe walikivunja kikundi. Kila kambi ilikwenda sokoni na yake, na hakuna iliyopata soko walilokuwa wakiligombania.

Ukiona dalili hizo, acha kuitisha kura ileile. Tafuta kama kiwango kinaweza kugawanywa: sehemu mnayokubaliana itoke, yenye mgogoro ibaki kuwa kiambatisho cha hiari au ingoje. Tafuta mtaalamu wa nje ambaye pande zote zinamheshimu, mkubaliane kabla hajaanza kwamba ripoti yake itakuwa na uzito gani. Au rudini maabara. Mara nyingi watu wanabishana juu ya kipimo ambacho hakuna aliyekipima, na sampuli hamsini kutoka masoko matatu zingesogeza mjadala kuliko vikao vitatu.

Rufaa

Rufaa ni haki, na mwenyekiti mzuri huieleza yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Kwenye IETF ngazi zimepangwa wazi: unaanza na mwenyekiti wa kikundi, kisha mkurugenzi wa eneo husika, kisha jopo la uongozi liitwalo IESG, kisha bodi ya usanifu, IAB, na una miezi miwili tangu uamuzi kujulikana. ISO ina ngazi zake zinazopitia mashirika ya kitaifa, kwa hiyo mjumbe wa Tanzania au Kenya analazimika kwanza kulishawishi shirika lake la viwango. Soma muda wa mwisho siku hiyohiyo uamuzi unapotoka, kwa sababu rufaa nzuri iliyochelewa haisomwi.

Kama wewe ndiye uliyeshindwa, hakikisha kwanza pingamizi lako limeingia kwenye kumbukumbu za kikao kwa maneno yako, na uyasome kabla hayajathibitishwa. Rufaa isiyo na kumbukumbu nyuma yake haina mahali pa kusimama. Katika barua yako taja uamuzi na tarehe, kanuni iliyokiukwa, madhara ya kitaalamu, na unachotaka kifanyike. Acha nje nia za watu. Huwezi kuthibitisha kwamba mwenzako alinunuliwa, lakini unaweza kuonyesha kwamba hoja yako ya ibara ya saba haikujibiwa na yeyote.

Na ukiwa upande ulioshinda, usiifungue shampeni mapema. Ibara inayokatiwa rufaa iwekwe alama kwenye rasimu, waelezwe wote kwamba bado haijatulia, na kamati iendelee na ibara nyingine. Mpeleke aliyekata rufaa kwenye kamati ndogo inayoandika mbinu za upimaji wa ibara hiyohiyo. Yeye ndiye atakayekuwa ameisoma kwa makini kuliko wote, na kamati inamhitaji wakati wa kuandika kuliko ilivyomhitaji wakati wa kuhesabu.